NYUMBA PEKE YAKE HAITOSHI



Wiki moja ya mvua tulikuta kijana amelala kwenye baraza ya darasa letu, amejifunika mifuko ya simenti. Sentinele alitaka kumfukuza. Yule akasema tu: "Papa, uniache kwanza, mvua ipite." Asubuhi hakukuwa mtu tena pale. Basi mabishano yakaanza kati yetu. Wengine walisema: "Si kuko Don Bosco kule Ngangi? Juu ya nini haendi kule?" Wengine wakajibu kwamba vijana wanaendaka, kisha wanatorokaka. Tuliona afazali kuuliza wale wenye kujua kazi hii, tena tuandike hapa.

Watu wa Goma wanawaita watoto hawa maibobo. Si jina la heshima, tutaliacha hapahapa.

Kwanza, wanatoka wapi? Mtu anafikiri ni watoto wabaya waliokataa wazazi. Angalieni miaka ya mji wetu. Mwezi wa saba 1994 wakimbizi wengi sana wa Rwanda waliingia Goma kwa siku chache, kipindupindu kikaua maelfu, na watoto wengi wakabaki pekee yao. Tangu 1996 vita vilichukua batoto kuwa makadogo. Waliporudi, wengine hawakukuta tena nyumba wala wazazi. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji, watu karibu 120 000 wakabaki bila makao. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 volkano ilitoka tena upande wa Buhene, na katika kukimbia Sake na Gisenyi watoto walipotezana na mama zao. Mwanzo wa 2025 vita viliingia mjini, kambi za wakimbizi zikavunjwa, banki zikafungwa, na kazi nyingi za wazazi zikapotea. Ongezeni baba aliyeoa mke mwingine, na mtoto anayesingiziwa uchawi. Kwa jambo hili la mwisho, Katiba ya 2006 inakataza wazi, katika kifungu cha 41, kumsingizia mtoto uchawi.

Sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inasema kwamba mtoto aliyeachwa, au anayezunguka bila makao, ni mtoto mwenye shida anayepaswa kulindwa. Haisemi kwamba ni mwizi. Sentinele wetu tulimwambia hivyo. Alicheka, lakini alisikia.

Sasa, ginsi gani wanasaidiwa? Don Bosco Ngangi, nyumba ya ndugu zetu Wakatoliki wa Salesiani, inapokea watoto wa barabarani na yatima, na inafundisha useremala, ujenzi, kushona na kazi zingine. Wakati wa vita vya 2012 familia nyingi zilikimbilia pale vilevile. CAJED nayo inapokea watoto waliotoka katika vikundi vya silaha. Pale mtoto analala, anakula, anatunzwa, na asistanti sosiali anatafuta jamaa yake. Lakini kituo namna hii ni cha kupitia, si cha kukaa miaka. Wakati jamaa inatafutwa, wengine wanatiwa katika familia za mjini zinazokubali kuwapokea kwa muda. Mama mmoja wa kanisa letu alipokea wawili. Alituambia kwamba chakula si neno gumu. Neno gumu ni wivu wa watoto wake mwenyewe.

Na kutoroka? Kijana mmoja aliyepita njia hii alitufafanulia. Inje alikuwa na wenzake, alibeba mizigo Birere, jioni alikuwa na falanga yake mukononi. Ndani ya kituo kuna saa ya kulala, saa ya kuoga, na hakuna falanga. "Usiku wa kwanza sikulala hata kidogo," alisema, "kulikuwa kimya sana." Alitoroka mara mbili. Mara ya tatu mlezi hakumkaripia, alimuuliza tu kama amekula. Alibaki. Tunaona kwamba yule mlezi alijua kazi yake.

Lakini hatari kubwa inakuja mbele, wakati kijana anapofikisha miaka 18. Kwa sheria si mtoto tena. Amejifunza kutengeneza kiti na mlango, lakini analala wapi? Mwenye nyumba anaomba garanti. Sheria ya mwisho wa 2015 juu ya kupanga nyumba inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi tatu. Mjini wengi wanaomba zaidi, na mpangaji ananyamaza. Hata miezi tatu, nani atatoa? Tena wanauliza: "Uko mtoto wa nani? Nani anakujua?" Pale ndipo vijana wengi wanarudia baraza za watu, cheti ya ufundi ikiwa mufukoni.

Kwa hiyo wale wenye kufaulu zaidi wanafanya hivi: vijana wawili ao watatu wanapanga chumba kimoja cha mbao pamoja. Garanti na miezi ya kwanza inalipwa kwa ajili yao, kisha sehemu yao inapanda pole pole mpaka wanalipa wote. Kila mmoja anapewa vyombo vya kazi, si feza. Mtu mzima anakuja kila juma kuona kama wamelipa, kama wamegombana, kama mmoja ni mgonjwa. Kule kuja ndiko msaada wenyewe. Tulionyeshwa chumba kimoja Ndosho ambapo randa na musumeno viliuzwa mwezi wa pili, kwa sababu mgeni wao hakuja tena na njaa iliingia. Chumba kingine, palepale karibu, wanalipa wenyewe hata leo.

Yule aliyetufafanulia anamaliza useremala mwezi wa saba. Wenzake wawili wako tayari kupanga naye, lakini hakuna bado mtu mzima wa kuwasimamia mbele ya mwenye nyumba. Mwalimu ao mzazi anayejua chumba Katoyi, Ndosho ao Majengo, ao anayeweza kusema "mimi ninawajua", aongee na kamiti ya gazeti, wakati wa mapumziko, darasa la nne.