Kuwaongoza Walimu Kuiona Shule ya Kesho

Mnamo Novemba 1974 Azimio la Musoma liliwapa walimu wa Tanzania Bara shabaha yenye tarehe: kufikia 1977 kila mtoto wa rika la kwenda shule awe darasani. Shabaha hiyo ilieleweka kwa kuwa iliweza kuonwa kwa macho. Kikao cha walimu nacho chahitaji picha ya namna hiyo, wala si maneno matamu ya kubandikwa ukutani.

Tuchukue mfano wa shule ya msingi huko Isongole, Rungwe, kwenye mashamba ya viazi mviringo. Kila mwalimu aandike kwanza, kimya kimya, atakayoyaona mgeni aingiapo shuleni miaka mitano ijayo. Mwalimu mkuu asome wa mwisho. Akitangulia, wenziwe watamwitikia tu.

Kisha liulizwe jambo gumu: mtoto aliyekosa masomo siku tatu akivuna viazi na wazazi wake apokewe vipi? Mmoja atataka aadhibiwe, mwingine afundishwe yaliyompita. Hapo ndipo hujulikana walimu wanathamini nini hasa, na ubishi huo usikatizwe mapema. Wakiafikiana, waandike tendo: nani atamfundisha, siku gani, saa ngapi.