Upelelezi Wenye Harufu ya Biskuti

Mwaka 2000 mwandishi wa Marekani, Joanne Fluke, aliwaletea wasomaji Hannah Swensen, mwoka biskuti wa mji wa kubuni uitwao Lake Eden. Msambaza maziwa anakutwa ameuawa nyuma ya duka la Hannah, naye Hannah, ambaye si polisi, anaanza kudadisi. Humo kitabuni msomaji hupewa pia maelekezo ya kuoka.

Riwaya za aina hii zina kanuni zake. Damu haianikwi, mji ni mdogo, na kila mtu anamjua mwenzake. Duka la vitu vitamu hufaa sana: wateja hupita, husubiri, na wakisubiri huongea.

Pwani yetu nayo ina mpelelezi asiye polisi. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alimleta Bwana Msa katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichochapwa 1960, kisha *Kisima cha Giningi* mwaka 1968. Kiko mkononi, rafiki yake Najum pembeni, Bwana Msa hufumbua mafumbo kwa akili na mazungumzo.

Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa cha Mafia, una mandhari tayari ya kisa kama hicho. Boti kutoka Nyamisati, upande wa bara, hutia nanga hapo, na mgeni hajifichi. Mpika vitumbua hugeuza kimoja kimoja kwa kijiti, mafuta yakichemka, masikio yakiwa kwa wateja. Waandishi chipukizi, mhusika mkuu huyo hapo, mwandikieni kisa.