JINO LIKIUMA, USILINYAMAZISHE

Ndugu mfanyakazi, munganga wa meno akikuambia ufungue kinywa, haangalii jino bovu peke yake. Anatazama ulimi, ufizi, mashavu na mate, kwa sababu magonjwa mengi yanaonekana humo.

Ufizi unaotoa damu au usaha mara kwa mara: pengine meno hayasuguliwi vizuri, pengine ni ugonjwa wa sukari. Utando mweupe juu ya ulimi wa mtu mzima, unaofutika na kuacha wekundu: nguvu ya mwili inaweza kuwa imepunguka. Apimwe damu, hata kwa UKIMWI. Leo ugonjwa huo una dawa, na anayezianza mapema anaendelea kuishi na kufanya kazi.

Mama, ukiona kidonda cha ufizi chenye harufu mbaya kwa mtoto aliyetoka kuugua surua, au asiyekula vya kutosha, usingoje kesho. Yaweza kuwa noma, inayokula shavu kwa siku chache. Ikikutwa mapema, inapona.

Dawa nazo zinaacha alama. Aspirini iliyowekwa juu ya ufizi inauchoma. Tramadoli na bangi zinakausha mate, na pasipo mate meno yanaoza upesi.

Lakini hatari kubwa ni hii. Mtu ananunua tramadoli sokoni, maumivu yanatulia, anaingia kazini. Ndani ya taya usaha unaendelea. Unaweza kushuka shingoni na kuziba pumzi. Tena tramadoli inaleta usingizi, kizunguzungu, hata kifafa. Mtu wa namna hiyo akishika mashine, wenzake wote wako hatarini.

Basi tufanye hivi:

1. Jino likiuma, mwambie kapita wako, uende dispanseri.

2. Parasetamoli inapunguza maumivu tu, haiponyi jino. Mtu mzima asipite vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24.

3. Mwambie munganga kila ulichomeza, hata pombe na bangi. Hakuulizi ili akushitaki, bali achague dawa na sindano isiyokudhuru.

4. Shingo ikivimba, au kumeza na kupumua kukiwa taabu, kimbilia hospitali saa ile ile, hata usiku.

Maumivu ni kengele. Kuzima kengele si kuzima moto.