Tatuu Mbichi ni Kidonda

Wanafunzi wenzangu, hapa Machakos nimeona vijana wakitoka likizo na tatuu chini ya sweta. Simkemei mtu, nataka tu tuelewane. Tatuu mbichi ni kidonda, na ngozi ya juu huchukua wiki 2 hadi 4 kupona. Ioshe polepole kwa maji safi na sabuni isiyo kali, ikauke, na usibandue magamba hata yakiwasha namna gani! Udongo usipake kabisa, una vijidudu vya pepopunda. Sindano iliyotumiwa na mwingine yaweza kukuambukiza Ukimwi au homa ya ini. Ukiona usaha, uvimbe unaoenea au homa, mwambie mwalimu wa zamu akupeleke hospitali. Adhabu hupita, bwana. Mficha maradhi kilio humfichua.