Beijing kwa yuan 99: tiketi ipi ununue, ipi uiache

Langoni mwa Hekalu la Mbingu kuna tiketi mbili. Ya yuan 15 inakuingiza bustanini tu. Ya jumla, yuan 34, inakufikisha kwenye Ukumbi wa Kuombea Mavuno Mema, Ukuta wa Mwangwi na Madhabahu ya Duara. Hapa usibane mkono. Mwenye ya 15 ataishia kuliona paa la buluu kwa mbali, ilhali ukumbi wenyewe ndio uliomleta: nguzo 28 za mbao, jengo lisilo na msumari, lililoungua kwa radi mwaka 1889 likajengwa upya. Ndani huingii, unatazama kutoka mlangoni, na bado inalipa. Hekalu lilikamilika 1420 chini ya mfalme Yongle, yule yule aliyepelekewa twiga kutoka Malindi mwaka 1415. Kwa mtu wa pwani yetu, hapo si ugenini kabisa.

Kwenye Kasri la Kiangazi hesabu inageuka. Tiketi ya kawaida ni yuan 30, ya jumla 60. Chukua ya 30. Ziwa Kunming, ambalo ni kama robo tatu ya eneo lote, limo; Ujia Mrefu wenye mita 728 za dari na boriti zilizochorwa nao umo. Ongeza yuan 10 upande Foxiangge, mnara wa kilimani unaotazama ziwa lote. Utakachokosa hasa ni makumbusho na Mtaa wa Suzhou, maduka yaliyojengwa upya. Mimi sioni hasara.

Yonghegong, hekalu la Wabuddha wa Tibet, halina utata: yuan 25, na ubani unapewa bure ndani, kwa hiyo wapite wauzaji wa nje. Nenda hadi ukumbi wa nyuma, kwenye sanamu ya Maitreya iliyochongwa katika gogo moja la msandali, mita 18 juu ya ardhi.

Jumla ni yuan 99. Hizo ni bei za Aprili hadi Oktoba. Miezi mingine inashuka hadi 83. Treni ya chini ya ardhi, njia namba 5, inapita Hekalu la Mbingu na Yonghegong. Namba 4 inakushusha Beigongmen, lango la kaskazini la Kasri. Ukijiunga na msafara, uliza kwanza bei yao ina tiketi ipi ndani yake. Na pasipoti usiiache hotelini: ndiyo inayokupa tiketi.