Kulehemu na Kuchomelea: Tutofautishe

Baadhi ya wafasiri wa maandishi ya ufundi hutumia neno "kulehemu" kwa kila njia ya kuunga chuma kwa moto. Katika chuma cha kusubu, yaani kilichomiminwa katika kalibu, mchanganyiko huo waweza kuharibu kazi. Tuchukue mfano wa jiko la kupashia nyumba joto katika nchi za baridi, litumialo vitonge vya unga wa mbao, ambalo kipande chake kimepasuka.

Chuma cha kusubu kina kaboni zaidi ya asilimia 2. Ni kigumu, lakini huvunjika upesi. Fundi akikichomelea, kingo zenyewe huyeyuka na kuungana. Hana budi kukipasha moto kwanza na kukiacha kipoe polepole, ama sivyo kitapasuka tena kando ya kiungo. Akikilehemu kwa shaba, ni shaba tu iyeyukayo. Lakini kiungo hicho hakifai mahali paguswapo na moto mkali.

Hivyo tunapendekeza "kuchomelea" litumike pale vyuma vyenyewe viyeyukapo, na "kulehemu" pale iyeyukapo madini ya kuungia peke yake. Walimu wa ufundi na watayarishaji wa vitabu wanaombwa kuuzingatia utaratibu huu.