Matope ya Vuria: Siku ya mvua juu ya milima ya Taita

UKIMWAMBIA kijana wa Likoni au Kisauni kwamba Jumamosi unaenda kupanda mlima, swali la kwanza ni, "Kwani umetumwa?" Sisi starehe yetu ni maji. Ukitaka kupunga upepo unaenda Shelly Beach, Mtongwe ama Nyali, na ukijikaza sana unafika Diani. Milima tumewaachia watu wa bara.

Lakini vilele vya Taita haviko mbali hivyo. Kutoka Changamwe hadi Voi ni kama kilomita 150 kwa barabara kuu ya Nairobi. Hapo unakata kushoto hadi Mwatate, kisha matatu inapanda kona baada ya kona mpaka Wundanyi. Ukitoka usiku, unapanda, unashuka na kurudi kulala kwako.

Nilikwenda mwezi wa Novemba, vuli imekolea, pamoja na sahibu yangu wa Likoni. Yeye alikuwa amebakisha wiki mbili kuondoka kwenda kazini Ghuba, mkataba wa miaka miwili. Hakutaka sherehe ya kuagwa. Alitaka, kwa maneno yake, "baridi ya kunitosha kabla sijaenda kuokwa." Alivuka feri saa nane usiku, tukakutana Changamwe, na saa mbili asubuhi tulikuwa Wundanyi tunakunywa chai huku mvua ikipiga mabati. Nilikuwa nimebeba mahamri. Yaliisha kabla hatujaanza safari.

Kijana mwenyeji aliyekubali kutuongoza alitazama kwanza miguu yetu. Mimi nilikuwa na gambuti. Mwenzangu alikuwa na raba nyeupe, zile za kuvaa Idi. Kijana akacheka, akamkatia fimbo.

Vuria ndicho kilele kirefu kuliko vyote Taita, mita 2,208 juu ya bahari. Kuna barabara ya magari inayofika hadi kwenye milingoti ya mawasiliano, lakini sisi tulipita vijia vya mashambani, katikati ya mahindi na migomba. Udongo wa kule ni mwekundu, na ukilowa unakuwa kama sabuni. Unapanda hatua mbili, unarudi moja. Mwenzangu, ambaye anaogelea tangu utotoni na hajawahi kuogopa mkondo wa Kilindini, alipanda sehemu moja kwa magoti na viganja. "Yakhe, baharini ukiteleza unaogelea," akasema. "Hapa utaogelea na nini?"

Juu hatukuona kitu. Siku ya jua, wenyeji wanasema, unauona Kilimanjaro. Sisi tuliona mguu wa mlingoti, nyasi zilizolala, na ukungu mweupe uliofuta kila kitu kuanzia hatua kumi mbele. Baridi iliingia hadi kwenye mifupa. Mwenzangu alifungua mdomo akatoa moshi wa pumzi, akarudia mara kadhaa kama mtoto. Nadhani hicho ndicho alichofuata.

Ule ukungu, msomaji, umetoka kwetu. Upepo wa Bahari ya Hindi unavuka tambarare kavu za Taru na Tsavo ukiwa umebeba unyevu, unagonga milima hii, unalazimika kupanda, unapoa na kugeuka wingu. Ndiyo maana juu panapata mvua zaidi ya mara mbili ya kule chini kwenye mikonge. Miti ya asili hufanya kazi ya ziada: majani na kuvu zake hunasa matone ya ukungu na kuyadondosha chini hata siku isiyo na mvua. Tuliposimama chini ya mti tulilowa zaidi kuliko mahali peupe.

Tatizo ni kwamba miti yenyewe imebaki vipande vipande. Milima ya Taita ndiyo mwanzo, upande wa kaskazini, wa safu ya milima ya kale inayoendelea Tanzania hadi Udzungwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ambao wana kituo Wundanyi, walipima wakakuta karibu nusu ya msitu wa asili wa ukungu ilitoweka kati ya 1955 na 2004. Mahali pengi palipandwa misonobari na mikaratusi. Ni kijani, ndiyo, lakini si msitu ule. Kuna ndege, kama kurumbiza wa Taita, asiyepatikana popote duniani isipokuwa katika vipande hivyo.

Mombasa hainywi maji ya Taita. Yetu hutoka Mzima, Baricho, Marere na Tiwi. Lakini Mzima inategemea mvua ya vilima vya Chyulu, na Marere inategemea msitu wa Shimba. Ukiwa umebeba mitungi Kisauni wiki nzima, habari ya miti ya mlimani si ya watalii.

Mpango wetu ulikuwa kuendelea hadi Iyale, kilele jirani. Saa saba mvua ikazidi. Kijito tulichokiruka asubuhi kikawa kinanguruma, na kijana wetu akaonyesha mahali ukingo wa njia ulipokuwa umemeguka. Akasema turudi. Maporomoko ya ardhi si hadithi Taita, alisema. Hapa watu wanalala macho mvua ikipiga usiku.

Mwenzangu alikataa. "Wewe utakuja tena mwakani. Mimi nitakuja lini?" Nilikosa jibu, maana alikuwa anasema kweli. Tulisimama pale tukinyeshewa, watu watatu, hakuna anayeongea. Mwishowe yule kijana alisema hatatuongoza mbele, pesa zetu tukitaka atarudisha. Mwenzangu akautazama ule ukungu upande wa Iyale muda mrefu, akageuka, akaanza kushuka peke yake, fimbo mbele.

Ukitaka kwenda: vaa viatu vyenye meno, chukua mwenyeji, ulizia ofisi ya misitu kabla ya kuingia msituni, na usibebe chupa za plastiki za kutupwa, zimepigwa marufuku katika misitu tangu Juni 2020. Anza kushuka mapema.

Pale stendi ya Wundanyi makanga alikataa kutupakia tukiwa vile. Tulioshea miguu kwenye mfereji wa maji ya mvua. Zile raba hazikurudi kuwa nyeupe. Alizifunga kwenye gazeti, akapanda gari pekupeku, na tulipofika Mwatate alikuwa tayari ameuliza njia ya Iyale inaanzia wapi ukitokea upande wa pili.